Hitler Hakuchaguliwa, Alikaribishwa

Mjadala wa demokrasia ukipamba moto, iwe barazani, darasani au redioni, hakosekani mtu wa kutoa hoja hii: hata Hitler alichaguliwa na wananchi. Akishaisema hunyamaza, kama wakili aliyekwisha shinda kesi. Maana yake inaeleweka hata asipoitamka. Wananchi hawaaminiki, wakibanwa na njaa humpa kura yeyote mwenye kelele, kwa hiyo heri nchi ishikwe na wachache wenye busara, na kura ije baadaye, au isije kabisa.

Hoja hiyo ina ndugu zake. Wapo wanaodai kwamba Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya 1919 hadi 1933, iliuawa na Mkataba wa Versailles. Wapo wanaodai iliuawa na mfumuko wa bei, na hapo haziachi kutajwa zile noti zilizobebwa kwa toroli. Wapo pia wanaodai iliuawa na utitiri wa vyama. Madai haya yanatofautiana kwa mengi, lakini yote huishia pamoja: lawama hubebeshwa umma au hali ya mambo, na hakuna mkubwa yeyote anayeulizwa alifanya nini.

Mimi nayapinga yote. Jamhuri ile ilikuwa na maadui wengi mitaani, lakini walioiangusha walikuwa ndani ya dola yenyewe: katika ofisi ya rais, katika makao makuu ya jeshi, katika mahakama, na katika mashamba makubwa ya makabaila wa mashariki ya mto Elbe. Walianza kuibomoa wakati Wanazi wana viti 12 tu bungeni, na wakaikabidhi kwa Hitler wakati kura zake zilikuwa zinapungua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Weimar ililiwa na waliolipwa mshahara kuilinda.

Tuanze na kura zenyewe, maana ndizo zinazosingiziwa. Mei 1928 chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6. Septemba 1930 kilipanda hadi asilimia 18.3 na viti 107. Julai 1932 kilifika kilele chake katika uchaguzi huru: asilimia 37.3, viti 230 kati ya 608. Hizo ni kura nyingi, na mamilioni ya watu walizipiga wakijua chama hicho kinahubiri chuki gani. Sina nia ya kuwatakasa. Lakini hesabu ni hesabu: katika kila Wajerumani watatu waliopiga kura siku ile ya kilele, karibu wawili walichagua chama kingine. Miezi mitatu kabla yake, Aprili 1932, Hitler aligombea urais dhidi ya mzee Paul von Hindenburg na Ernst Thälmann wa chama cha Kikomunisti. Alipata asilimia 36.8, Hindenburg alipata 53. Siku Wajerumani walipoulizwa moja kwa moja kama wanamtaka mtu huyo aishike nchi, walikataa.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 6 Novemba 1932. Kura zipatazo milioni mbili zikamponyoka. Chama kikarudi asilimia 33.1, viti 196 kati ya 584. Kilikuwa kimejaa madeni. Mwezi uliofuata Gregor Strasser, mratibu wake mkuu, alijiuzulu nyadhifa zake baada ya kugombana na Hitler, na uchaguzi wa mabaraza ya miji na vijiji huko Thuringia ukaonyesha wapiga kura wakizidi kukimbia. Baadhi ya magazeti ya kidemokrasia yaliukaribisha mwaka 1933 kwa kutangaza kwamba shambulio la Wanazi limerudishwa nyuma. Tarehe 30 Januari Hitler akaapishwa kuwa Kansela. Kati ya Novemba 6 na siku hiyo hakukufanyika uchaguzi wowote wa taifa. Kilichofanyika ni vikao vya faragha.

Hata baada ya kushika serikali hakupata anachosingiziwa kupata. Uchaguzi wa tarehe 5 Machi 1933 ulifanyika wakati polisi wa Prussia wako chini ya Hermann Göring, wanamgambo wa SA wamevishwa vitambaa vya polisi wasaidizi, magazeti ya upinzani yamefungwa na Wakomunisti kwa maelfu wako korokoroni. Pamoja na vitisho vyote hivyo chama chake kilipata asilimia 43.9. Ilibidi akopeshwe asilimia 8 za washirika wake wa mrengo wa kulia ili avuke nusu. Huyo ndiye anayeitwa chaguo la wananchi.

Mwenye hoja ya mfumuko wa bei amesoma kalenda vibaya. Mfumuko ule wa kutisha ulikuwa wa 1923. Januari mwaka huo majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr kudai fidia za vita, wafanyakazi wakagoma, serikali ikachapa noti za kuwalipa, na kufikia Novemba dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Watu wa tabaka la kati walilala na akiba ya maisha, wakaamka hawana kitu. Mwezi huohuo Hitler alijaribu kuipindua serikali akianzia Munich, na mchana wa tarehe 9 Novemba risasi za polisi zikamaliza jaribio lake. Sarafu mpya ikatolewa, bei zikatulia, na miaka minne na nusu baadaye Wanazi wakapata ile asilimia 2.6. Jamhuri iliupita mwaka ule mgumu kuliko yote ikiwa hai.

Mambo ya 1930 hadi 1932 yalikuwa kinyume kabisa. Bei zilikuwa zinashuka. Mishahara ya watumishi ilikatwa, kodi zikapandishwa, posho za wasio na kazi zikapunguzwa, na yote hayo yalikuwa uamuzi wa serikali ya Heinrich Brüning, serikali ambayo haikutokana na wingi wa kura bungeni. Anayeeleza mwaka 1933 kwa noti za 1923 ni kama daktari anayeandika kwenye cheti cha kifo ugonjwa ambao marehemu aliupona miaka kumi nyuma.

Versailles nayo ina shida hiyohiyo ya tarehe. Mkataba ulikuwa mkali na uliwauma Wajerumani wa vyama vyote. Lakini mzigo wake ulipunguzwa 1924 kwa Mpango wa Dawes, ukapunguzwa tena kwa Mpango wa Young, askari wa kigeni wa mwisho wakaondoka Rhineland Juni 1930, na Julai 1932 mkutano wa Lausanne ukazifuta fidia karibu zote. Kamba ilikuwa inalegezwa mwaka baada ya mwaka, na demokrasia ikafa wakati imelegea kuliko wakati wowote. Kilichobaki cha Versailles kilikuwa silaha ya kampeni, na waliokuwa wakiinoa ni majenerali walioshindwa vita. Mwishoni mwa Septemba 1918 ni makao makuu ya jeshi, chini ya Hindenburg na Erich Ludendorff, yaliyoitaka serikali iombe vita visimamishwe haraka. Kisha wakamwacha raia, Matthias Erzberger, akatie saini. Mwaka mmoja baadaye Hindenburg aliiambia kamati ya bunge kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni. Agosti 1921 Erzberger aliuawa kwa risasi akitembea msituni. Uongo huo haukutungwa na wenye njaa wala haukutokea Bavaria kwenye kumbi za bia. Ulitoka juu.

Ama njaa, ilikuwepo kweli. Mwanzoni mwa 1932 waliojiandikisha kuwa hawana kazi walipita milioni sita. Ila tazama nani alimpigia nani kura. Wafanyakazi wa mijini waliopoteza ajira walielekea zaidi kwa Wakomunisti. Ngome za Wanazi zilikuwa vijiji na miji midogo ya Waprotestanti: Schleswig-Holstein iliwapa asilimia 51 Julai 1932, ilhali eneo la Köln na Aachen, lenye Wakatoliki wengi, liliwapa kama asilimia 20. Mdororo ulikuwa mmoja, majibu yakawa mbalimbali, kwa sababu wachungaji, vyama vya wafanyakazi, vyama vya wakulima na wahariri wa magazeti ya kila mahali walikuwa wamewaandaa watu kwa namna mbalimbali. Na Marekani, ambako karibu robo ya wafanyakazi hawakuwa na kazi wakati huohuo, wapiga kura walimchagua Franklin Roosevelt na Katiba yao ikabaki.

Hoja ya utitiri wa vyama hupendwa zaidi na watawala, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli kwamba kila kura 60,000 zilizaa kiti kimoja, na vyama vidogo vilikuwa vingi. Lakini jimbo la Prussia, lenye karibu theluthi mbili ya watu wa Ujerumani nzima, lilitumia uwakilishi wa uwiano uleule na lilikuwa na vyama vilevile. Otto Braun wa chama cha Social Democrat, yaani SPD, aliliongoza tangu 1920 hadi 1932 kwa serikali za mseto pamoja na chama cha Kikatoliki cha Zentrum na waliberali, akikatizwa kwa vipindi vifupi tu. Jimbo lililokuwa maarufu kwa ubabe wa wafalme na wanajeshi likawa nguzo ya jamhuri, kwa vyama vingi na kwa mseto. Fikiria pia kama Ujerumani ingetumia mfumo wa mshindi huchukua jimbo. Julai 1932 chama chenye asilimia 37, kikiwakabili wapinzani waliogawanyika, kingezoa viti vingi mno. Uwiano unaolaumiwa ndio uliomzuia Hitler kupata bunge zima kwa theluthi moja ya kura.

Basi kama si kura, si noti, si mkataba na si vyama, ni nani?

Anza mahakamani. Mwaka 1922 mwanatakwimu Emil Julius Gumbel alichapisha orodha ya mauaji ya kisiasa tangu mwisho wa vita. Alihesabu mauaji 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia, na kati ya hayo 326 hayakuadhibiwa. Mauaji ya mrengo wa kushoto yalikuwa 22, na watu kumi walinyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu. Majaji wale walikuwa walewale wa Kaisari; jamhuri iliwaachia viti vyao kwa heshima ya uhuru wa mahakama, nao wakautumia uhuru huo kuchagua wa kumsamehe. Hitler aliposhtakiwa kwa uhaini mwaka 1924, sheria ya kulinda jamhuri ilitaka mgeni mwenye kosa kama lake afukuzwe nchini, naye alikuwa raia wa Austria. Mahakama ya Munich ikasema sheria hiyo haimhusu mtu mwenye fikra na hisia za Kijerumani kama yeye. Akapewa miaka mitano, kifungo chepesi kuliko vyote ambavyo sheria iliruhusu kwa uhaini. Kabla ya Krismasi ya mwaka huo alikuwa nje.

Nenda jeshini. Hapa yupo mtu ambaye msomaji wa Afrika Mashariki anamfahamu: Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewakokota askari na wapagazi wetu kuanzia 1914 hadi alipojisalimisha Abercorn Novemba 1918. Alirudi Berlin Machi 1919 akapokewa kama shujaa. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Machi 1920, kikosi cha wanamgambo kiliingia Berlin, serikali halali ikakimbia, na mwanasiasa Wolfgang Kapp akajitangaza Kansela. Lettow-Vorbeck, wakati huo kamanda huko Schwerin, aliwaunga mkono waasi. Jenerali Hans von Seeckt alikataa kuwapeleka wanajeshi kupigana na wanajeshi wenzao. Waliookoa jamhuri ni wafanyakazi. Walifanya mgomo mkuu. Treni zikasimama, umeme ukazimwa, magazeti yakakosekana, na kufikia tarehe 17 Kapp alikuwa ametoroka. Kati ya vinara wa uasi mmoja tu, Traugott von Jagow, alihukumiwa kifungo. Lettow-Vorbeck aliondolewa jeshini, na mwaka 1928 akaingia bungeni kama mbunge wa chama cha DNVP, chama cha makabaila na wapenda ufalme. Umma unaoambiwa haukuipenda demokrasia uliacha kazi na mshahara kuitetea, na dola ikawasamehe walioishambulia.

Kisha fika Machi 1930, mwezi ambao hautajwi sana na ambao ulipaswa kukaririwa na kila mwanafunzi wa historia. Serikali ya mseto ya Hermann Müller ilianguka kwa ugomvi juu ya michango ya bima ya wasio na kazi. Ugomvi wa aina hiyo hutokea katika kila bunge. Ila safari hii Rais Hindenburg na washauri wake, hasa Jenerali Kurt von Schleicher, walikuwa wamekwisha andaa serikali, ile ya Brüning, ambayo SPD, chama kikubwa kuliko vyote, isingekuwamo, na ambayo ingetawala kwa saini ya rais badala ya kura za wabunge. Wakati huo Wanazi walikuwa na viti 12. Hakuna tishio la Hitler lililowalazimisha. Walitaka kulipunguza bunge nguvu kwa sababu bunge liliwapa wafanyakazi sauti katika mishahara, bima na bajeti ya jeshi.

Katiba iliwapa chombo. Ibara ya 48 ilimruhusu rais kutoa amri za dharura, na bunge lilikuwa na haki ya kuzifuta. Julai 1930 bunge liliifuta amri ya bajeti ya Brüning kwa kura 236 dhidi ya 221. Serikali ingeweza kukaa mezani na SPD, ambayo ilikuwa tayari kuzungumza. Badala yake rais alilivunja bunge siku hiyohiyo na amri ikarudishwa. Bunge lililovunjwa lilichaguliwa Mei 1928 na lingeweza kuendelea hadi 1932. Kwa maneno mengine, bila kalamu ya Hindenburg Wanazi wangebaki na viti vyao 12 katika miaka miwili ya kwanza ya mdororo. Viti 107 vya Septemba 1930 ni zawadi ya uchaguzi usiokuwa wa lazima, ulioitishwa wakati mbaya kuliko wakati wowote.

Kuanzia hapo bunge lilikufa polepole. Mwaka 1930 lilipitisha sheria 98 na rais akatoa amri za dharura 5. Mwaka 1932 sheria zilikuwa 5 na amri 66. Anayesema demokrasia ya Ujerumani ilikufa Januari 1933 anahesabu tarehe ya mazishi.

Mwishoni mwa Mei 1932 Hindenburg alimwondoa hata Brüning, na Juni akamweka Franz von Papen, mtu wa farasi na vilabu vya waungwana, akiwa na baraza lililojaa vyeo vya kikabaila. Papen aliondoa marufuku iliyowekwa dhidi ya SA, na mitaa ikajaa damu. Tarehe 17 Julai watu 18 walikufa katika mapambano ya Altona, karibu na Hamburg. Siku tatu baadaye Papen aliitumia ghasia aliyoiruhusu mwenyewe kama kisingizio cha kuiondoa serikali ya Prussia kwa amri ya dharura. Serikali ya Braun ilikuwa ya mpito, maana ilikosa wingi katika uchaguzi wa Aprili, lakini bado ilikuwa na polisi wa jimbo, ngome ya mwisho ya jamhuri. Waziri wa mambo ya ndani Carl Severing alitamka kwamba ataondoka kwa nguvu tu. Jioni nguvu hiyo ikaja: mkuu mpya wa polisi na maofisa wawili. Severing akafunga ofisi yake akaondoka. Hapa SPD wanastahili lawama. Walihofia vita vya wenyewe kwa wenyewe, walijua kwamba watu milioni sita wasio na kazi hawawezi kugoma kama wa 1920, wakaenda mahakamani. Hofu yao inaeleweka, na iliwagharimu kila kitu. Lakini anayeshindwa kumkimbiza mwizi hageuki kuwa mwizi.

Jinsi bunge lilivyodharauliwa ilionekana wazi tarehe 12 Septemba 1932. Mkomunisti Ernst Torgler alipendekeza kura ya kutokuwa na imani ipigwe papo hapo. Mbunge mmoja tu angepinga, isingepigwa; lakini hakupinga yeyote. Papen alishikwa ghafla, akaagiza aletewe amri ya kulivunja bunge, ikaja katika jalada jekundu. Kikao kiliporejea alisimama kuomba nafasi ya kusema. Göring, aliyekuwa Spika, akageuza uso upande wa pili, akajifanya hamwoni, akaendesha kura. Papen akaiweka karatasi juu ya meza ya Spika na kutoka nje na mawaziri wake. Matokeo: 512 dhidi yake, 42 upande wake. Kansela wa nchi kubwa ya viwanda hakuwa na hata mbunge mmoja kati ya kumi, na bado aliendelea kutawala, kwa kuwa rais alimtaka.

Papen alipong'oka Novemba, Schleicher akachukua nafasi mwanzoni mwa Desemba, na Papen akaanza kutafuta kisasi. Tarehe 4 Januari 1933 alikutana na Hitler nyumbani kwa mwanabenki Kurt von Schröder mjini Köln. Tarehe 22 walikutana tena nyumbani kwa Joachim von Ribbentrop huko Dahlem, safari hii akiwamo Oskar von Hindenburg, mtoto wa rais, na Otto Meissner, mkuu wa ofisi ya rais. Wakati huohuo kamati ya bunge ilikuwa inachunguza fedha za misaada kwa mashamba ya mashariki, na viongozi wa makabaila walikuwa wamefika kwa rais kumlalamikia Schleicher. Rais mwenyewe alikuwa jirani yao: shamba la Neudeck alipewa zawadi 1927, likaandikishwa kwa jina la mwanawe ili kukwepa kodi ya urithi.

Tarehe 28 Januari Schleicher aliomba amri ya kulivunja bunge. Hindenburg akamnyima, Schleicher akajiuzulu. Tarehe 1 Februari Hitler aliomba amri kama hiyo, akapewa. Katika mambo mawili hayo yaliyopishana kwa siku nne pana ushahidi wa kutosha. Baraza lililoapishwa Januari 30 lilikuwa na Wanazi watatu tu. Papen, makamu wa Kansela, aliwahakikishia wenzake kwamba wamemwajiri Hitler, na kwamba baada ya miezi miwili watakuwa wamembana kwenye kona. Alfred Hugenberg, kiongozi wa DNVP na bwana wa magazeti na filamu, akachukua uchumi na kilimo. Walitaka umati wa Hitler bila Hitler. Baada ya miezi mitano Hugenberg alikuwa nje ya serikali na chama chake kimejivunja.

Mpinzani makini atanijibu hivi: Julai 1932 Wanazi na Wakomunisti kwa pamoja walikuwa na viti 319 kati ya 608. Vyama viwili visivyoitaka jamhuri vilikuwa na zaidi ya nusu ya bunge. Je, umma haukuikataa demokrasia?

Swali ni zuri na halijibiwi kwa kejeli. Wakomunisti walifanya kosa kubwa kuwaita SPD mafashisti na kuwaona adui mkuu. Novemba 1932 walishirikiana na Wanazi katika mgomo wa usafiri Berlin. Lakini wingi huo haukuwa na serikali ya kuunda, kwa kuwa wawili hao walikuwa wakiuana mitaani. Uliweza kuzuia tu, na ulizaliwa baada ya miaka miwili ambamo bunge lilikuwa limeonyeshwa kwa wananchi kama chombo kisicho na kazi. Mtu akiambiwa na rais wake kila mwezi kwamba sheria zinatungwa bila wabunge, kwa nini aendelee kuchagua vyama vya ubunge? Tena kukosekana kwa wingi hakukumlazimisha yeyote kumpa Hitler serikali. Hindenburg mwenyewe alimkatalia tarehe 13 Agosti 1932, chama kikiwa kileleni. Alimkubali kiliposhuka, kwa sababu Hitler aliyeshuka alionekana rahisi kumwendesha.

Atakayetaja sheria ya tarehe 23 Machi 1933 iliyompa Hitler mamlaka ya kutunga sheria peke yake, naye akumbuke mazingira yake. Wabunge 81 wa Kikomunisti walizuiwa kabisa. Wabunge kadhaa wa SPD walikuwa kizuizini au wamekimbia. Ukumbi wa opera ya Kroll ulizingirwa na SA, wengine wakiwa ndani. Otto Wels wa SPD alisimama kuipinga sheria hiyo, na wabunge wote 94 wa SPD waliokuwepo wakapiga kura ya hapana. Zentrum na vyama vya tabaka la kati, vilivyokuwa huru zaidi kukataa, ndivyo vilivyotoa kura za kutimiza theluthi mbili.

Kwa nini basi uongo wa "alichaguliwa" umedumu? Kwa sababu uliwafaa wengi baada ya vita. Papen alishtakiwa Nuremberg akaachiwa huru 1946; mahakama ya Kijerumani ikamfunga, akatoka 1949, kisha akaandika kumbukumbu za kujitetea. Meissner naye aliachiwa huru 1949. Watu wa aina yao walikuwa na kila sababu ya kupenda simulizi ambayo umma uliopagawa ndio uliomleta Hitler, na wao ni waungwana waliozidiwa na gharika.

Walioandika Katiba ya Ujerumani ya Magharibi mwaka 1949 walikuwa na hofu yao kwa wananchi, na waliifuta kura ya maoni ya taifa. Lakini hilo ni dogo kulinganisha na walivyomshughulikia rais. Walimnyang'anya amri za dharura. Walimwondolea uwezo wa kuchagua Kansela kwa utashi wake, na kumfukuza. Waliamua asichaguliwe moja kwa moja ili asidai kuwa juu ya bunge. Waliamuru kwamba bunge likitaka kumwangusha Kansela lazima kwanza limchague mwingine, na wakaunda mahakama ya katiba ya kusimamia yote hayo. Wengi wao walikuwa wameyaona ya 1930 kwa macho yao, baadhi walifungwa na Wanazi, nao walijua Weimar ilivujia wapi. Katiba yoyote inayomwachia mtu mmoja kalamu ya kulivunja bunge, kutunga amri na kumteua amtakaye bado ina tundu hilohilo, hata wapiga kura wake wawe na hekima kiasi gani.